Mashine Aliyoichagua Bibi

Kuna harufu moja ikinipita puani, hata niwe nimebeba nini, lazima nisimame. Ni harufu ya chuma kinachoungua pamoja na rangi yake ya zamani. Ni kali, inakaa kooni kama umelamba kitasa cha mlango. Juzi ilinikuta Msamvu, napita na beseni langu la mihogo ya kukaanga kichwani, kijana mmoja anachomelea geti nje ya duka. Nikasimama. Nilisimama mpaka mihogo ikapoa, mteja akaniuliza, "Mama mihogo, umepandisha mashetani?" Nikamwambia hapana mwanangu, nimemkumbuka baba tu.

Sasa kaeni vizuri niwaeleze, maana hii habari kwa watu wengine naisimulia kwa kucheka, lakini nyie sitawachekesha sana.

Tulikaa Bigwa, pale chini ya mlima, kwenye uwanja wa bibi. Nasema wa bibi kwa sababu ndivyo ulivyokuwa. Sisi Waluguru ardhi inapita kwa mama, na mwanamume akioa kwetu anaweza kushtukia kumbe yeye ndiye aliyeolewa. Bibi Mwanaidi, mzaa mama, alikuwa na nyumba yake ya matofali katikati, kushoto nyumba ya mama, kulia nyumba ya mama mdogo Zuhura, na waume wamechomekwa humo katikati kama nyama kwenye mshikaki. Mita ya umeme ilikuwa moja, ya bibi. Kwa bibi ulitolewa waya kuja kwetu, na kwetu ukapita juu ya mpera kwenda kwa mama mdogo. Waya wenyewe mwembamba kama uzi wa kushonea chandarua. Sisi tukichomeka pasi, taa ya mama mdogo inafumba jicho moja.

Baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, jina lake Maganga. Alikuja Morogoro kutafuta kazi, akampata mama kabla hajaipata kazi. Baadaye akawa fundi wa kuchomelea kwenye gereji ya mtu huko mjini. Mkono wake ulikuwa mtulivu, wallahi angeweza kuunga mguu wa mbu na mbu akaenda zake bila kulalamika. Mdomo sasa, huo alinyimwa. Na hata angepewa, kwa bibi usingemsaidia. Kwetu mkwe na mama mkwe hawakai wakatazamana. Bibi akitokea mlangoni, baba anazungukia nyuma ya nyumba. Wakikutana njiani, kila mmoja anakumbuka ghafla kwamba ana shughuli vichakani. Kwa hiyo maneno yao niliyabeba mimi. "Mwajuma, mwambie baba yako kuku wake wamo kwenye mchicha wangu." "Mwajuma, mwambie bibi kuku wameomba radhi." Nilikuwa bado mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yanarudi, lakini nilivyozunguka ule uwanja, ningekuwa nakwenda mbele moja kwa moja ningeshafika Tabora nikawasalimu na wa upande wa pili.

Halafu alikuwepo Mjomba Kibwana, kaka mkubwa wa mama. Kwetu mjomba ndiye serikali. Iwe harusi, iwe msiba, iwe shamba, neno la mwisho ni lake. Kwa baba alikuwa shemeji na mtani kwa pamoja, maana Waluguru na Wanyamwezi wanataniana tangu babu zao. Akifika tu, hata shikamoo yangu hajaipokea sawasawa, keshaanza.

"Huyu mpagazi bado mnaye? Nilidhani mmeshamtwisha mzigo akaondoka nao."

Baba anajibu taratibu, hanyanyui hata kichwa. "Ningeondoka shemeji, ila nimehofia mtarudi mlimani mkagombee mafenesi na nyani."

Wakicheka hapo, vikombe vinagongana kwenye kabati. Mimi nilikuwa naamini hakuna watu wawili duniani wanaopendana kama wale.

Siku moja mjomba akaja na lori. Nikisema lori nalipamba. Lilikuwa kichwa na chesisi tu, huko nyuma mifupa mitupu, kama panzi aliyenyofolewa tumbo na watoto. Alitaka litengenezewe bodi pale pale uwanjani, baba awe analichomelea jioni akitoka gereji. Alitaka bodi ndefu yenye kingo za kwenda juu, ya kuteremshia ndizi na machungwa kutoka Kinole, na juu ya ndizi wakae wenyewe wenye ndizi. Wenye ndizi ni nani? Ni mama, ni mama mdogo Zuhura, ni nusu ya wanawake wa ukoo wetu, na mimi shule zikifungwa. Na aliyewahi kupita njia ile ya Kinole anaijua. Ni kona inazaa kona, upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili unayaona mapaa ya nyumba za watu kwa juu, kama wewe ndiye mvua.

Basi ikawa kazi ya kuchagua mashine ya kuchomelea, maana ya gereji haikuwa ya kuazimwa kupelekwa nyumbani.

Baba alikuwa na yake moyoni. Kulikuwa na mashine moja ya kusukwa, koili nene za shaba ndani ya boksi la chuma, kazi ya fundi wa Mji Mpya. Akaiomba aijaribu. Ililetwa kwa mkokoteni, wanaume wanne wanasukuma na wa tano anaomba dua. Baba akaiunganisha umeme, akashika kioo chake cheusi usoni, akagusa chuma. Ule mwanga uliotoka, nadhani Kilosa watu walianua nguo wakidhani ni radi. Na hapo hapo umeme wa uwanja mzima ukapiga magoti. Taa ya ukumbini kwa bibi ikawa nyekundu kama kaa linalozimika. Redio yake, iliyokuwa inatoa mawaidha ya jioni, ikazama sauti kama shehe ametumbukia kisimani. Friji ya mama mdogo, aliyokuwa anagandishia barafu za ubuyu za kuuza shuleni, ikakohoa ikanyamaza. Jirani naye akatoka nje, amekasirika, anatazama nguzo.

Lakini baba alikuwa hawaoni. Alikuwa anatazama kile kipande alichokiunga. Alikiweka juu ya jiwe akakipiga nyundo, kikapinda, hakikuachia. Akapiga tena, kikapinda zaidi. Nikamwona anatabasamu, jambo ambalo baba alilifanya kwa nadra, kama mtu anayetunza meno yasichakae.

Wanawake walikaa kikao jamvini kwa bibi, mama mdogo ameshika mifuko ya ubuyu iliyoyeyuka kama anaonyesha maiti. Hawakuchelewa. Nikaitwa.

"Mwajuma, mwambie baba yako hilo dude lirudi lilikotoka. Litatutia njaa kabla lori halijatembea. Na jirani yuko nguzo hiyo hiyo, atatuona watu wa aina gani?"

Keshokutwa yake mjomba akaja na mashine nyingine. Ilikuwa ndogo, nyekundu, ina mkanda wa kuning'iniza begani, ungedhani ni mkoba wa kwendea harusini. Waliijaribu kwenye kitanda cha mama, ambacho mguu wake mmoja ulikuwa umeachia, tunauwekea tofali. Baba akaugusa kidogo tu, ukashika. Redio haikutetereka. Friji haikukohoa. Mshono ulivyokaa, fundi cherehani angeona wivu. Baba alipojitenga nyuma ya nyumba, bibi akatoka mwenyewe, akaupapasa ule mshono kwa kidole, akasema, "Hii ndiyo mashine yenye adabu." Na bibi akishasema kitu kina adabu, hakuna rufaa.

Baba akaniita pembeni, karibu na pipa la maji. Akawa anachora chini kwa kidole cha mguu.

"Mwambie bibi yako mashine ni nzuri." Akaufuta mchoro kwa unyayo. "Mwambie ni nzuri sana kwa vitanda na madirisha. Ila chuma cha lori ni kinene, kinataka moto uzame ndani. Lakini mwambie nashukuru."

Nikaenda mbio, nikayamwaga yote kama yalivyo, maana neno la mkubwa hulipunguzi njiani.

"Amesema ni nzuri?" bibi akauliza.

"Ndiyo bibi, nzuri sana. Na chuma cha lori ni kinene."

"Kitakosaje kuwa kinene na ni lori? Na ameshukuru?"

"Ameshukuru."

"Mwambie nami nimefurahi."

Ndiyo ikawa imeisha. Lile onyo baba alilifunga kwa kanga nyingi mno za heshima, bibi akazisifia kanga, kilichomo ndani hakukiona.

Akabaki mjomba. Huyo baba aliweza kumwambia uso kwa uso, na alimwambia, mimi nipo namenya viazi. "Shemeji, hiki kidude umeme wake ni mdogo, na waya wetu ndio huu. Kwenye chaneli, vile vyuma vinene vya kubebea bodi ya lori, hakizamishi moto. Mshono utalala juu tu kama siagi kwenye mkate. Siku lori likijaa, litaachia kwenye kona."

Mjomba akawageukia watu barazani. "Mnamsikia? Mnyamwezi ameona mashine nyepesi, kakosa cha kubeba kichwani, roho inamuuma."

Watu wakaanguka kicheko. Baba akasema, "Shemeji, safari hii sitanii."

"Hata babu yako aliwaambia wenye msafara hatanii, ndiyo maana alifika pwani kwa miguu na mzigo kichwani."

Watu wakacheka tena. Na baba naye akacheka, maana mtani asipocheka huyo ameleta ugomvi. Nilimwona alivyocheka. Kinywa kilicheka peke yake, macho hayakwenda nacho.

Kazi ikaanza. Kila jioni uwanja wetu ulinuka ile harufu, na sisi watoto tukakatazwa kutazama mwanga, tukawa tunautazama kupitia matundu ya kanga tukidhani tumeukomesha. Macho yalituwasha kama yamepigwa pilipili. Baba naye, kile kioo chake kilikuwa na ufa, akiingia ndani ananiita nimkatie vipande vya kiazi kibichi, anajilaza chali navyo machoni kama samaki aliyekaangwa. Ile mashine ndogo ikizidiwa ilikuwa inajizima yenyewe ipumzike. Tukasema, mashine gani hii ina likizo kuliko mwalimu.

Ila baba alikuwa na jambo lingine ambalo sikulielewa. Kila akimaliza kuunga sehemu, anachukua vipande viwili vya chaneli ile ile vilivyobaki, anaviunga kwa mashine ile ile, halafu anakwenda navyo kwenye jiwe la kufulia, anavipiga nyundo. Vinaachana. Anavitazama pale palipoachia, anapapasa, panang'aa pasafi kama havikuwahi kugusana. Kesho anaweka mshono juu ya mshono, anavipiga, vinaachana. Nikadhani ni mchezo wake. Nikawa nashangilia vikivunjika. Chakula akawa anakigusa tu.

Nilimsikia mama akimwuliza, "Baba Mwajuma, mbona siku hizi huongei?"

"Nimeongea. Nimemwambia mama, nimemwambia shemeji. Nikirudia tena nitakuwa mgomvi kwenye uwanja wa watu."

Mama akasema, "Kaka hawezi kutupandisha kwenye kitu kibovu."

Baba alitoka nje akalitazama lori. Lilikuwa limependeza, msinione nasema hivi. Limepigwa rangi ya kijani, kingo za juu zimenyooka. Ungelipitisha mbele ya ng'ombe wangelitaka wapandishwe humo.

Ikafika siku ya kulitoa. Mjomba alivaa kanzu nyeupe, ameleta shehe wa kulisomea dua, bibi amepikisha pilau, harufu ya bizari imefika barabarani na watu tusiowaalika wamekuja wakidai ni majirani. Mpango ulikuwa dua ikiisha lori liende Kinole siku hiyo hiyo, lirudi na ndizi za kwanza. Wanawake walikuwa na matenga yao tayari, wamejifunga kanga sare. Mama alikuwa wa kwanza. Alishaweka mguu mmoja kwenye ngazi ya nyuma, mkono mmoja ananinyooshea mimi anipandishe.

Baba alitokea pembeni ya nyumba ameshika nyundo, ile kubwa ya kuvunjia mawe. Bibi alikuwa amekaa pale pale barazani, lakini baba hakuzunguka nyuma. Alipita mbele ya mama mkwe wake mbele ya watu wote, kitu ambacho sikuwahi kukiona tangu nizaliwe. Akamshika mama mkono, akamteremsha. Akainama chini ya bodi, pale mihimili ya chuma inapokalia chesisi, akapiga.

Mhimili ukaachia kwa pigo lile lile moja. Ukaanguka chini, ukalia kama kengele ya shule. Akasogea, akapiga wa pili, nao ukaachia. Wa tatu ulisumbua kidogo, kisha nao ukafuata wenzake. Bodi yote ikalala upande mmoja kama mlevi anayetafuta ukuta. Shehe bado mikono yake ilikuwa hewani.

Baba akaweka nyundo chini. Akamtazama mjomba. Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye ndevu.

"Shemeji," akasema, "panda sasa."

Hakuna aliyecheka. Mjomba akasema, "Umenivunjia lori langu mbele ya mama yangu," na ile sauti haikuwa ya utani kabisa, sikujua kama alikuwa nayo. Mama mdogo Zuhura akaanza kulia. Mama aliinama akaokota ule mhimili wa kwanza, akapapasa mahali palipoachia, palikuwa pasafi panang'aa. Alipapasa muda mrefu. Mimi nilikimbilia nyuma ya pipa, nikalia kwa aibu, maana nilijua kesho shuleni nitaitwa mtoto wa mwendawazimu. Na kweli niliitwa.

Bibi alinyanyuka akaingia ndani. Baadaye akaniita, nikafikiri nitapewa ujumbe wa kumfukuza baba. Akasema tu, "Mwambie baba yako aje apakuliwe pilau kabla halijapoa." Nikaona bibi naye amechanganyikiwa.

Mjomba alilikokota lori mpaka gereji moja yenye mashine inayotumia injini ya dizeli, wakaibomoa bodi yote wakaijenga upya. Hakumshitaki baba popote, wala hakumtukana. Alifanya kibaya zaidi: alimheshimu. Akifika nyumbani anasema, "Habari za leo, bwana Maganga." Baba naye anajibu, "Nzuri, bwana Kibwana, karibu." Wanakaa hapo wanaulizana mvua. Mtani wako akianza kukuita bwana, mjue kuna kitu kimezikwa na nyie hamkualikwa. Mpaka baba anafariki, vile vikombe havikugongana tena kabatini.

Lile lori lilifanya kazi miaka mingi. Liliteremsha ndizi, machungwa, mafenesi, wanawake, wagonjwa, na mara moja bwana harusi na ngoma zake zote. Halikuwahi kuachia hata msumari. Na ndiyo maana hata leo kwenye shughuli zetu watoto wa mjomba wanasimulia habari ya yule Mnyamwezi aliyevunja lori zima siku ya dua, na watu wanacheka mpaka wanashikana, na mimi naongeza chumvi. Watacheka, kwa sababu hakuna kaburi la kuwaonyesha. Ajali ikitokea ina ushahidi mpaka wa kugawa. Ambayo haikutokea inabaki na mtu mmoja na nyundo yake, na watu wanauliza alikuwa na kichaa gani.

Siku lori lilipokwenda Kinole kwa mara ya kwanza na bodi yake mpya, nilikuwa juu, nimekaa kwenye tenga tupu katikati ya mama na mama mdogo. Tulipofika mbele kidogo nikamwona baba amesimama kando ya barabara kwenye vumbi, hakuwa amekwenda kazini. Nilisimama, nikampungia mkono kwa nguvu zangu zote, nikaita, "Baba, mimi huku." Hakunipungia. Hakuninyanyulia hata macho. Alikuwa ameinama, ameshika magoti, anatazama chini ya lori linavyompita, na kichwa chake kinageuka nalo pole pole mpaka tukaingia kwenye kona. Nilinuna mpaka Kinole. Nilisema baba gani huyu, mtoto wake anapita juu ya lori kama malkia, yeye anatazama vyuma.

Nimezaa mwenyewe ndipo nikajua. Hakuna mtu ambaye siku ile alinitazama kuliko yeye.